Hapana Arobaini na Moja

Siku ile mjinga alikuwa Gracien, na ukimuuliza leo pale kituoni kwake hatakataa. Atakuongezea hata maelezo ambayo hukuyaomba. Atakwambia alipanda kilima cha Kavisa saa moja asubuhi akiwa na diploma ya kilimo kichwani, buti za plastiki miguuni na jile, kile kizibao cha kazi, ya rangi ya machungwa kifuani, akabisha hodi kwenye nyumba arobaini na moja, akashuka saa tisa na hapana arobaini na moja. Hakuna hata nyumba moja iliyomhurumia.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kwa miaka minne kituo chao cha utafiti, chumba kimoja cha mabati na bustani ya miche nyuma yake, kilikuwa kinapima jinsi mvua inavyoteremsha udongo wa milima ya Butembo, na jinsi ya kuuzuia. Gracien alikinga matope kwenye mabeseni, akayakausha, akayatia kwenye mizani, akaandika kurasa mia moja na kumi. Sasa wenye kulipa walitaka kujua neno moja: utafiti huo umefika kwa nani? Wananchi wangapi wameusikia, na wakubwa wametoa amri gani kwa sababu yake? Majibu yalitakiwa ofisini Beni. Kama haujafika popote, kituo kifungwe, bustani irudi kwa mwenye kiwanja, na Gracien, baba wa watoto watatu, abaki mtu anayejua sana habari za udongo na asiye na mshahara.

Karatasi za maswali zilitoka Beni zimechapwa tayari. Swali la kwanza: je, unaufahamu utafiti unaoitwa hivi? Hapo likafuata jina la utafiti kwa Kifaransa, mistari mitatu mizima, jina ambalo Gracien mwenyewe alilisoma kwa kuvuta pumzi katikati. Mtu akijibu ndiyo, endelea naye mpaka swali la ishirini. Akijibu hapana, mshukuru, nenda nyumba inayofuata.

Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya mama Jokébed, mjane mwenye shamba refu linaloshuka mpaka mtoni. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Akaitazama jile kwanza, kisha karatasi, na mwisho kabisa uso wa mgeni.

"Jambo, Ingénieur. Mumekuya kuuliza nini tena?"

"Kitu kidogo tu, mama. Unajua étude yenye inaitwa..." Akaisoma mistari yote mitatu.

"Hapana."

"Ata kusikia tu? Ku redio? Ku kanisa?"

"Hapana. Na hii shamba ni moja. Andika ivyo: moja."

"Mais mama, sikuulize hesabu ya mashamba."

"Weye andika tu. Kalamu si iko yako?"

Gracien akaandika hapana, akashukuru kama karatasi ilivyomwamuru, akaanza kushuka. Mvua ya jana yake ilikuwa imeacha utelezi. Mguu ukamponyoka, akashika majani marefu yaliyopandwa mstari kukata mteremko, yakamzuia. Mbele kidogo akateleza tena, akashika mstari mwingine. Mara nne majani yale yalimwokoa asifike mtoni kwa makalio, na mara nne aliyaachia akaendelea na safari yake. Karatasi haikuwa na swali la majani.

*

Beni ni chini na kuna joto. Mtu akitoka Butembo asubuhi na koti, akifika kule koti linakuwa mzigo. Gracien alishuka kwenye pikipiki na vumbi mpaka kwenye nyusi, karatasi zake amezikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki. Bi Gaëlle, karani wa ofisi, alimwonyesha benchi. Akakaa. Watu watatu waliokuja nyuma yake wakaingia kabla yake. Alipouliza, Gaëlle akamwambia bila ubaya wowote, "Bale ni ba mradi ya kakao, Ingénieur. Weye uko wa udongo."

Monsieur Xavier, mkubwa wa ofisi, alikuwa ametoka Kinshasa miaka miwili nyuma. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa madereva na kwa mama anayempikia, akakipenda, akawa anakitumia hata pale ambapo Kifaransa kingemtosha. Alifunua karatasi moja moja. Hapana. Hapana. Alipofika ya ishirini akaanza kufunua mbili mbili. Mwisho akavua miwani.

"Ndeko, ndugu yangu, hii ni nini?"

"Ni majibu, monsieur."

"Zéro? Miaka ine, mutu ata moja? Ungeweka ata tatu, ine, nani angeenda kuhakikisha?"

"Njo vile balisema."

"Na muke yako? Ata muke yako hajue étude yako?"

"Muke wangu iko Mbau kwa dada yake. Sikumuuliza."

Mlangoni watu wa kakao walicheka. Xavier hakucheka, kwa kweli alikuwa ameanza kumheshimu mtu huyu aliyesafiri mwendo wote ule kuleta sifuri yake mwenyewe. Lakini naye alikuwa na wakubwa, na wakubwa wake walikuwa mbali na hawana subira. Akampa orodha ya vitu vya kituo aende akaihakikishe: mizani moja, mabeseni kumi na mawili, viti viwili.

"Vendredi nakuya mi mwenyewe kufunga. Chunga ile mizani, ni ya bei kali."

*

Kwenye parking ya magari ya Mbau na Eringeti ndipo alipomwona Katungu, mkewe, anashuka kutoka juu ya lori kwa kutanguliza mguu wa kushoto kama kawaida yake. Gracien alisahau sifuri kwa muda. Barabara ya Mbau ilikuwa imefungwa siku mbili, na kwa siku mbili hizo alikuwa anajifanya hana wasiwasi. Alimshukuru Mungu kwa sauti, dereva akaitika amina.

"Baba Bénite! Unafanya nini Beni? Nani anachunga batoto?"

"Mama yako. Shuka kwanza. Dada yako Agar iko bien?"

"Iko bien, anakusalimia. Shamba yake ya juu iko inashuka na mayi, lakini tulishaipanda." Akakunja gunia tupu alilokuja nalo, akalitia kwapani. "Na weye, mbona uko na sura ya mutu wa matanga?"

Akamweleza. Katungu ni muuza mafuta ya mawese, mama wa kusikiliza wateja, akasikiliza mpaka mwisho. Alipofika nyumba ya kumi na saba, ya mama Jokébed, midomo ya Katungu ilianza kucheza.

"Ulivaa nini?"

"Namna gani nilivaa nini?"

"Jibu tu. Ulipanda Kavisa na nguo gani?"

"Na jile ya kazi. Ile ya machungwa."

Hapo Katungu aliketi juu ya mzigo wa mtu asiyemjua, akacheka mpaka mwenye mzigo naye akacheka bila kujua sababu. Ilimchukua muda kupata sauti.

"Ile jile si ni ya rangi moja na ya batu ba cadastre, bale ba kupima viwanja? Mwaka jana si banakuya na ile ile, na karatasi, banapima, banakatakata kilima ya ngambo, bwana Ésaïe anaamuka anakuta shamba yake iko viwanja tisa? Na weye unapanda na jile, na karatasi, unauliza kama banajua! Ungekuwa weye, ungejua?"

"Mais bananijua mimi! Banajua niko mutu wa udongo."

"Ata wa cadastre ni batu ba udongo, Baba Bénite."

Gracien akaangalia kifua chake, kana kwamba jile bado ipo. Kisha, kwa sababu jambo dogo humjia mtu wakati mkubwa limemshinda, akauliza, "Ile gunia, ulipeleka nini Mbau?"

"Majani."

"Ya sungura?"

"Sungura gani? Ule sungura tulimukula Noël ya mwaka juzi." Akamtazama vizuri. "Miaka tatu unaniona nakata majani ku bustani yenu ya kituo, najaza gunia, natoka. Ulikuwa unazania napeleka wapi?"

Kumbe hakuwa anafikiri kitu. Alikuwa na mabeseni ya kupima.

Wakapanda pikipiki moja kurudi Butembo, yeye nyuma ya dereva, mkewe nyuma yake, na njia nzima Katungu alimpigia hadithi sikioni. Mwaka ule wa kwanza, si alikuwa anamsomea kitabu chake mezani, chakula kinapoa? Ukurasa baada ya ukurasa, watoto wanasinzia? Basi Katungu alishika mambo mawili: majani yapandwe mistari kukata mteremko, na kati ya mstari na mstari iwe mita kumi. Mita alikuwa hana. Akapima kituoni kwa miguu yake, akapata hatua kumi na tano. Jumatano akawaambia wamama wa kanisa.

Wamama walikataa. Kule Kavisa mstari uliopandwa ndani ya shamba una maana moja tangu wakati wa mababu: ni mpaka. Ukipanda mstari katikati ya shamba la mjane, umesema nusu si yake tena. Mama Jokébed aling'oa mche wa kwanza mbele ya Katungu, akamrudishia mkononi, akamwambia akapande kwa mama yake mzazi. Katungu hakukasirika. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwisho akasimama kanisani wakati wa matangazo, akasema mbele ya wote kwamba mtu yeyote akidai shamba kwa sababu ya majani, yeye Katungu atakuwa shahidi wa mwenye shamba mpaka atakapokufa. Hapo Jokébed akakubali mstari mmoja. Mvua kubwa ya Novemba ikaja, udongo ukasimama kwenye mstari kama ng'ombe mbele ya zizi, na baada ya hapo hakuna aliyesubiri kubembelezwa.

"Na mimi hukuniambia," Gracien alisema, upepo ukimnyang'anya nusu ya maneno.

"Nilikuambia. Ukasema, 'Iko bien, Mama Bénite, pitisha chumvi.'"

*

Kesho yake walipanda Kavisa pamoja. Jile ilibaki nyumbani imeanikwa, karatasi za Beni zilibaki mezani. Gracien alivaa shati la kanisa, akabeba daftari la mtoto wake Bénite mfukoni. Swali lilikuwa moja tu, na alilitunga Katungu: haya majani, ulipewa na nani?

Gracien alianza kwa kuomba msamaha. Mama Jokébed alimwacha asimame kidogo, kisha akamsukumia kigoda.

"Nilisema bongo, nilikudanganya, mwanangu, na ulikuwa unaniangalia ndani ya macho. Haya. Majani nilipewa na muke wako. Mimi nikamupa Rébecca wa pale chini. Uliza yeye alimupa nani, mimi sichungi majirani."

Rébecca alikuwa amewapa watu sita, mmoja wao dada wa Ananie fundi seremala. Ananie aliyapeleka kwa wakwe zake kilima cha pili, wakwe wakampa bwana Ésaïe ayapande kwenye kile kipande alichobakiziwa. Gracien alizunguka siku mbili nzima akiandika kutoka mkono mpaka mkono, na kwenye mkono wa saba alikuta mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Katungu, wala la kanisa lao, lakini alipoulizwa anapandaje alijibu bila kufikiri, "Hatua kumi na tano." Nyumba arobaini na moja zikawa mia moja na kumi na nne, na hakuwa amevuka barabara kubwa bado.

Kila mlango walimpa kitu. Viazi, parachichi, neno. Mzee mmoja alimwonyesha mahali ambapo zamani palikuwa na mfereji wa kumeza mtu, sasa pana kabichi. Mama mmoja alimshika mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akasema anamshukuru mkewe kila akiamka na kukuta choo chake bado kipo. Miaka minne Gracien alikuwa anafikiri kazi yake ni kupima kinachopotea. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kilichobaki, na kilikuwa kingi hivi.

Mwishoni walifika kwa chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, mzee Éliakim. Kwenye mlango wa ofisi yake, ubavuni mwa picha ya chanjo, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri. Gracien alikuwa amepita hapo mara nyingi. Akaisoma sasa.

*Kila shamba ya mulima ipandwe majani mistari, hatua kumi na tano. Kila nyumba ya mabati ichimbe shimo ya mayi. Majani ya érosion HAIKO mupaka. Mutu atakayegawa shamba ya mwenzake juu ya majani, ataitwa hapa.*

"Chef, hii ni weye uliandika?"

"Ni mukono yangu," Éliakim alijibu, "mais akili ni ya bamama. Balinikalia hapa siku mbili na vigoda yao. Sikuweza ata kutoka kwenda kukojoa kwa heshima. Nikaandika. Kisha chefs ba quartiers tatu bakakuya kukopia, na ofisi ya commune, ya juu yetu, ikaomba na yao. Sasa ku commune, kama unataka kujenga ku mulima, banakuuliza kwanza: majani iko wapi?"

Gracien aliketi kwenye ngazi ya ofisi. Wenye kulipa walikuwa wameuliza wakubwa wametoa amri gani, na yeye aliacha nafasi ile wazi. Akamtazama Katungu, ambaye alikuwa anakung'uta matope kwenye sandali zake kana kwamba mambo haya hayamhusu.

"Mama Bénite, nitakushukuru na nini?"

"Beba hii viazi," alisema Katungu. "Zinanivunja shingo tangu kwa Rébecca."

*

Ijumaa Monsieur Xavier alifika na orodha yake na viatu vya mjini. Alihesabu mabeseni, akahesabu viti. Alipoinua mizani, Gracien akamwomba saa mbili za miguu kabla hajaifunga, na Xavier, ambaye ofisini hakuna anayemwomba kitu isipokuwa sahihi, akakubali.

Gracien na Katungu walimpandisha Kavisa. Aliteleza, akashika majani kama wenzake wote. Alisoma karatasi ya mzee Éliakim mara mbili, akaipiga picha mara nne. Alifunua daftari la Bénite, akafuata majina kwa kidole kutoka mkono wa kwanza mpaka wa saba, na uso wake ukafunguka. Kisha akataka kuhakikisha mwenyewe. Akasimama kwenye mstari wa juu wa shamba la mama Jokébed, akahesabu hatua akishuka. Akafika mstari wa pili kwenye hatua ya kumi na moja.

"Voilà! Si kumi na tano!"

"Ni juu ya miguu yako," mama Jokébed alimwita kutoka mlangoni. "Miguu ya mwanaume mulefu haipime hapa. Katungu, shuka, umuonyeshe."

Katungu akashuka na hatua zake. Kumi na tano kamili. Gracien akatoa mita ya kituo, wakaivuta: mita kumi na vidole viwili. Akamfunulia Xavier ukurasa wa sitini na nne wa utafiti, ilipoandikwa mita kumi. Xavier alisoma, akatazama mstari, akasoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo Gracien hakulitegemea: akaketi chini kwenye nyasi na suruali yake ya ofisi.

"Ndeko, mimi nimeamini," alisema. "Mais si mimi njo nafunga, ni bale ba juu. Bataniuliza kitu moja, na mimi sina jibu. Bataniambia: sawa, majani iko, amri iko. Mais hii batu si ni balimaji? Pengine bangepanda tu, ata bila étude. Nani anajua? Kama munanipa jibu ya ile, hii orodha ya inventaire naipasua hapa hapa."

Gracien akafungua mdomo. Alianza na habari za mashamba ya kulinganisha, kilima chenye majani na kilima kisicho nayo, akaingia kwenye asilimia, akapotea humo. Katungu alimvuta shati. Xavier alikuwa anaandika, anafuta. Akageuka kwa mama Jokébed, kwa adabu, akarudia swali lake polepole, Kiswahili chake kikisimama wima.

"Mama, sema kweli tu. Ata bila hii étude yao, weye peke yako, hungepanda?"

Jokébed akaweka ungo wa maharagwe chini.

"Miaka makumi sita niko hapa bila étude, monsieur, shamba inashuka ku muto na mimi naiangalia. Kama ningepanda peke yangu, nilikuwa nangojea nini: imalizike?"